Kabla hujasema "fan" mbele ya wazee wa Uswidi

Ndugu zangu mnaokuja Uswidi, hili neno fan mtalisikia siku ya kwanza tu kazini. Linatamkwa faan, a inavutwa. Boksi likianguka, fan, basi likichelewa, fan, hata chakula kikiwa kitamu, fan vad gott, yani mimi nikajua ni kama "sana" tu nikalibeba hivyohivyo.

Baadae nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi mmoja wa miaka 90 na kitu akanikaribisha kahawa na andazi la iliki, la moto kabisa, nami kwa furaha nikamwambia fan vad gott! Akarudisha kikombe kwenye kisosi polepole, akasema huyo hatajwi kwenye meza yangu. Nikauliza huyo nani? Shetani.

Nilishtuka jamani. Kwetu utakaribishwaje chai halafu umtaje shetani? Nikaanza kufuatilia. Fan ni ufupisho wa fanden, jina la shetani, na wanaofuatilia asili ya maneno wanalipeleka kwenye Kifrisia, lugha ya pwani ya Uholanzi na Ujerumani, maana yake mwenye kujaribu watu, yani Mjaribu yuleyule wa Mathayo 4. Norway wanasema faen, Denmark for fanden. Lile tusi lingine, jävla, wanalobandika kila mahali linatokana na djävul, yani shetani, asili yake Kigiriki, diabolos, na wataalamu wengi wanaona hata Ibilisi wetu katokea hukohuko. Helvete nalo, yani jehanamu, asili yake ni adhabu ya Hel, kuzimu ya wahenga wao kabla ya Ukristo.

Matusi yetu mengi yanaenda kwa mama wa mtu na kwenye nguo zake, haya ya kwao ya zamani yanaenda kuzimu. Ndo maana kijana linamtoka tu kama pumzi, ila mzee aliyekulia kanisani linamchoma.

Kwa hiyo angalia nani anasema mbele ya nani, kwa mzee, mgonjwa, bosi au wakwe acha kabisa. Mkishakuwa mnataniana wenyewe kwa wenyewe hapo sawa. Na ukikwama sema sjutton, yani 17, au attan, ambayo ni 18 ya kizamani, wanataja namba kukwepa jina, kama sisi usiku tunavyosema kamba badala ya nyoka.

Hiyo sjutton nilifundishwa na bibi mwenyewe. Wiki iliyofuata nikadondosha kijiko jikoni kwake, nikasema sjutton också! Alicheka mpaka akashika meza, akanisogezea andazi la pili.