Sindano ya HPV kwa mabinti: maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niliuliza tu nani binti yake kachanjwa HPV, kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, simu ikajaa maswali. Mi ni nesi hapa Moshi, nazunguka sana mashuleni, bas nimechagua matano.

Dada nesi, kwenye grupu la wazazi kuna vois inasema hii sindano inafunga kizazi. Binti yangu ana 13, nimemzuia. Nimekosea? (Mama, Pasua)

Hiyo vois hata mi nimetumiwa, tena mara tatu. Mama, haifungi kizazi. Mle ndani hamna kirusi kizima, ni kitu cha kufanana na ganda lake tu, mwili ukilijua bas siku kirusi chenyewe kikija kinakuta ulinzi. Na huu uvumi sio mgeni, Kenya 2014 ulivaa koti la chanjo ya pepopunda. Mwaka huohuo Kilimanjaro ndo tulikuwa mkoa wa mfano wa hii chanjo, nchi nzima ikafuata 2018, kwahiyo mabinti wa kwanza kuchanjwa hapa sa hivi ni watu wazima. Kinachomaliza kizazi ni saratani yenyewe, maana wengi tiba yao ni kutolewa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi.

Sista niko fomu wani, naogopa, rafiki yangu alizimia. (Mwanafunzi, Majengo)

Mdogo wangu sikucheki. Shule moja tuliweka meza chini ya mjohoro, saa nne, wasichana wamepanga foleni juani, wa tatu akaenda chini kama gunia la mahindi. Hata kuchomwa alikuwa bado! Asubuhi hajanywa hata chai. Baada ya muda kakaa anakula andazi anacheka, ila foleni imebaki nusu na wengine wamejifungia chooni. Tangu siku hiyo nachanjia darasani, mmoja mmoja, aliyemaliza hapiti mbele ya wanaosubiri. We kula kwanza, chomwa ukiwa umekaa, alafu tulia hapo dakika 15.

Mtoto wa miaka 9 anachanjwa ugonjwa wa zinaa? Si ndo kumfungulia njia? (Baba, Kibosho)

Shikamoo mzee wangu. Nyumba unaezeka kabla ya masika, sio maji yakishaingia. Kirusi kinapita kwenye kujamiiana, hata ndani ya ndoa halali ya kanisani, na chanjo haikiondoi kikishaingia. Na binti hatoki pale na ruhusa yoyote, anatoka na bega linauma.

Zamani dozi mbili, sa hivi moja. Hela zimeisha? (Msomaji, Himo)

Hahaha hapana. Shirika la Afya Duniani lilitamka Desemba 2022 kwamba moja inatosha, na kwenye tafiti za dozi moja mabinti wa Mwanza wamo. Sisi tukahamia moja 2024, na umri ukapanuliwa toka 14 tu kuwa 9 hadi 14. Afadhali kwa kweli, kumtafuta binti baada ya miezi sita, kahama, kamaliza la saba, kaenda kwa bibi yake Rombo, ilikuwa kazi ya upelelezi.

Barua za wazazi hazirudi, nifanyeje? (Mwalimu wa afya)

Mwalimu, mi barua nimeikuta chini ya begi imefungiwa maandazi, mafuta yamefuta hadi tarehe. Ongea nao kwenye kikao cha wazazi, na kina baba waje, maana mama wengi wananiambia "ngoja nimuulize baba yake" alafu ndo imeisha. Siku yenyewe mtangulize dada mkuu, au yule binti ambaye wenzie wanamuiga hadi mtindo wa kufunga tai, akitoka anacheka wengine watakuja wenyewe.

Na shangazi wa Soweto ya hapa Moshi aliyeuliza kama na yeye achanjwe, ana 38: we nenda kapime mlango wa kizazi, wanapaka siki na kuangalia, dakika chache tu. Usiende ukiwa kwenye siku zako, watakurudisha.