Kituo cha taarifa kwa vijana kijijini: tafuteni mtu kabla ya jengo

Mkuu, umeuliza hela mliyochanga kwa ajili ya vijana wa kata yenu muijengee chumba au mnunue kompyuta. Nimejitolea kwenye kazi hii ya kuwapa vijana taarifa huku Iramba, Singida, na ningekuwa nyinyi nisingefanya lolote kati ya hayo. Tafuteni mtu anayezijua ofisi za serikali, mlipeni nauli na vocha, akae mahali pamoja siku inayojulikana. Sisi tuliweka meza mnadani. Ofisi ya mtendaji kijana haingii mpaka aitwe, lakini mnadani yupo tayari, kaleta mbuzi au yuko na bodaboda yake.

Matangazo yapo, yamebandikwa ubaoni. Kazi inaanzia pale tangazo linapoishia. Chukua mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo 4 ni ya vijana na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024, na bado nakutana na wanaoamini ilifutwa. Wanaojua ipo wanakwama kwenye katiba ya kikundi, akaunti ya benki na maombi ya mtandaoni. Kikundi kimoja cha alizeti kilikwama kwa majina tu: muhtasari wa kikao uliandika Juma, kitambulisho cha taifa (NIDA) kinasema Jumanne. Tulikaa nao, kila mmoja akasoma kitambulisho chake kwa sauti, tukaandika upya herufi kwa herufi, ndipo wakaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Wanaotaka mkopo wa chuo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, waambieni wangali kidato cha tano wahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Dirisha la maombi likishafunguliwa ni kukimbizana.

Sasa wasichana, na hapa naomba uwe makini sana. Meza ya mnadani haiwafai. Hakuna binti atakayeuliza habari za mimba huku wajomba zake wanapita. Tulimwomba mama mmoja anayeheshimika awe zahanati siku ya kliniki, mahali ambapo hakuna atakayejiuliza binti kafuata nini. Wengi wao, na wazazi wao pia, hawajui kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu aliyejifungua arudi shuleni. Kumwambia tu hakutoshi. Yule mama alikuwa anaongozana na binti na mzazi wake hadi kwa mkuu wa shule, maana mlangoni pale ndipo wengi hukata tamaa. Na kila binti aondoke na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, kichwani. Kupiga ni bure, na anayefanyiwa ukatili anasikilizwa.

Wekeni daftari: nani kaja, anatafuta nini, apigiwe lini. Bila kumpigia hutajua kama alifika ofisini au aliishia njiani. Daftari la wasichana alishike yule mama peke yake, hata diwani asilione.

Katiba ya kikundi tuliyotumia ninayo, njoo PM nikutumie.