Kitani au katani? Na ni "hii" au "hiki"?

SWALI: Naishi Lancashire, Uingereza. Kikundi chetu cha sanaa kimefuata mfano wa wenzetu wa Blackburn, waliopanda kitani (flax kwa Kiingereza, mmea wa nyuzi za kufumia nguo) mwaka 2021 katika mradi wa Homegrown Homespun. Tunalima, tutasokota, kisha tutafuma pazia la mtaa mzima. Kwenye vibao vya Kiswahili niliandika "katani". Rafiki yangu wa Tanga akanikatalia: katani ni mkonge. Nani yuko sahihi? Na ni "kitani hii" au "kitani hiki"?

JIBU: Mfuate rafiki yako. Maneno yote mawili asili yake ni moja, Kiarabu kattan, lakini yameachana njia. Leo Mtanzania akisikia katani anaona kamba na magunia: nyuzi zinazokwanguliwa kutoka kwenye majani ya mkonge, mmea ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Nyuzi za kitani zimo kwenye shina, katika mmea mwembamba wa maua ya buluu.

Kuhusu ngeli, nashauri "kitani hii". Ki- hiyo ni sehemu ya neno lenyewe. Najua kitabu nacho ni cha Kiarabu na tukakipa wingi, vitabu. Lakini jaribu kusema "vitani" uone, utakuwa umetupeleka kwenye mapigano! Tena pamba, sufu, hariri na katani zote huchukua i-, na Biblia ya Kiswahili inasema "kitani nzuri".

Kilichonigusa zaidi ni vibao vya hatua za kazi. Tafadhali msitunge maneno mapya, pwani tunayo tayari. Wanawake wa Unguja hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni hadi yaoze, huyaponda, huchambua usumba, yaani nyuzi zake, kisha husokota kamba. Kitani nayo hupitia njia hiyohiyo: mabua huozeshwa kwa maji au umande ili gundi inayoshika nyuzi ilegee, hukaushwa, hupondwa, nyuzi huchanwa, ndipo husokotwa. Mtu wa Makunduchi akisoma kuozesha, kuponda, kusokota, ataitambua kazi ya mama yake.

Ila kwenye kibao cha mavuno msiandike "kukata". Kitani hung'olewa na mizizi yake, ili nyuzi zibaki ndefu.