Anti, jiki kila siku kwenye choo cha septiki ni sawa?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Gungu hapa Kigoma. Tulihamia kwetu miaka miwili iliyopita, choo ni cha ndani na kinaenda kwenye septiki. Napenda choo kinukie vizuri kwahiyo kila asubuhi namimina jiki kama nusu chupa, Jumamosi naongeza ile tindikali wanayouza mtaani kwenye chupa za soda maana inang'oa uchafu wote. Sasa tangu mvua zianze maji yanashuka taratibu na nje kunatoka harufu mpaka jirani ameanza kusema. Shemeji anasema niweke amira, fundi anasema nimwage kostiki. Nitumie dawa gani isiyoharibu septiki? Gari la kunyonya lenyewe ni hela nyingi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya septiki naomba nianze na wewe na watoto wako. Jiki na tindikali visikutane kabisa kwenye hilo sinki la choo, hata kama umemwaga kimoja asubuhi na kingine mchana, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, inakaba pumzi na inaunguza mapafu, na vyoo vyetu vya ndani unajua vilivyo, kadirisha kamoja juu na mlango umefungwa. Ikitokea umesikia macho yanawasha na kifua kinabana toka nje na watoto, acha mlango wazi, usirudi kusuuza, na kama kifua hakiachii nenda hospitali. Halafu hiyo chupa ya soda yenye tindikali iondoe leo, usingoje kesho. Haina lebo, mtoto ana kiu, yaani sitaki hata kumalizia hiyo sentensi.

Sasa septiki. Wengi tunadhani ni shimo la kuhifadhia uchafu tu, kumbe kuna kazi inafanyika mle ndani. Vitu vizito vinazama chini vinakuwa tope, mafuta na mapovu yanaelea juu yanatengeneza kama utando, katikati yanabaki maji ambayo ndiyo yanaenda kwenye shimo la pili yakanyonywe na ardhi. Lile tope linaliwa na bakteria wanaoishi humo bila hewa, na hao hukuwanunua popote, wamekuja na kinyesi chenyewe. Jiki imetengenezwa kuua bakteria, haichagui. Kijiko kimoja au viwili kwenye maji mengi mara moja moja hakina shida kwasababu tanki ni kubwa, lakini nusu chupa kila siku miaka miwili unawaua kabla hawajazaliana vizuri, tope linajaa haraka, linaanza kuvuka kwenda shimo la pili na kuziba udongo, na udongo ukishaziba kuurudisha ni kazi kubwa kuliko hata hilo gari unaloliogopa.

Tindikali nayo ina shida yake ya ziada. Mimi niliitumia kwangu karibu mwaka mzima, sinki lilikuwa linang'aa kweli. Siku fundi anafungua mfuniko wa chemba alipitisha kidole kwenye ukuta wa ndani na saruji ikawa inadondoka kama unga wa muhogo, kokoto zimebaki zimetokeza. Asidi inakula saruji, inakula na ile grauti ya kati ya vigae, hapo ndo maji machafu yanapata njia ya kwenda pasipotakiwa. Tangu siku hiyo haikuingia tena ndani kwangu.

Ukienda dukani usidanganywe na rangi wala harufu. Soma nyuma ya chupa: ukiona haipokloraiti hiyo ni jiki kwa jina lingine, ukiona asidi ya hidrokloriki ni ndugu wa ile tindikali yako, ukiona benzalkoniamu ni dawa kali ya kuua vijidudu, zote hizo siyo za kila siku kwa mtu mwenye septiki. Vile vidonge vya kuweka kwenye tanki la kuflashi pia viache, vingi vina klorini na kila mkiflashi mnapeleka dozi nyingine shimoni, watu sita kwa siku hebu piga hesabu. Cha kutafuta ni dawa yenye sitriki asidi, au siki nyeupe, au sabuni ya maji ya kawaida tu na brashi nzuri.

Na sabuni yetu ya mawese ya kipande inafaa sana, kwangu ndiyo ya kwanza. Najua utasema lakini inatengenezwa kwa kostiki, ni kweli, ila ikishapikwa vizuri na kukomaa ile kostiki inakuwa imeshageuka sabuni, siyo sawa na kumwaga kostiki yenyewe. Ikwangue kidogo kwenye maji ya moto, iache ilainike, sugulia.

Kwa ile alama ya kahawia inayozunguka sinki fanya hivi usiku wenzako wakishalala: sukuma maji kwa brashi yashuke, tandika tishu pale penye alama, mimina siki kikombe kimoja tishu ilowe ishikilie, acha mpaka asubuhi, ndo usugue. Alama ya miaka miwili haitoki usiku mmoja, rudia mara tatu nne. Wengine wanachanganya siki na magadi kwasababu inatoa povu, povu linafurahisha macho ila viwili hivyo vinauana nguvu, tumia kimoja.

Amira ya shemeji haina madhara ila haihitajiki, bakteria wanarudi wenyewe ukiacha kuwaua, wape wiki chache. Kostiki ya fundi kataa. Hiyo inaua kuliko hata jiki na ikikurukia machoni unaweza kupofuka.

Sasa hayo maji kushuka taratibu, mwanangu, sidhani ni jiki peke yake. Kama ni choo kimoja tu na bafu linashuka vizuri basi bomba la hapo limeziba. Kama ni vyote, mwambie fundi afungue chemba ya mwisho kabla ya tanki: maji yamesimama mpaka juu maana yake tatizo liko mbele, tanki limejaa au shimo la pili limegoma, na msimu huu wa mvua ardhi ikiwa imeshiba maji hainyonyi. Kwa kawaida tanki linanyonywa kila miaka mitatu mpaka mitano lakini kwa familia kubwa na tanki dogo ni mapema zaidi, kwahiyo ulizia KUWASA, wale mamlaka ya maji ya Kigoma, au manispaa kuhusu gari. Asiingie mtu yeyote ndani ya tanki hata kwa dakika moja, gesi ya mle inaua, wala msimulike kwa kiberiti.

Jikoni nako, sufuria ya mawese ifute kwa karatasi kabla ya kuosha, yale mafuta yakipoa yanaganda kwenye bomba na kuongeza ule utando wa juu. Pampasi na pedi ni za kwenye ndoo ya taka.

Ila nikuambie na hili: akiumwa mtu kuhara sana hapo nyumbani, jiki itumie bila kufikiria septiki. Sisi Kigoma tulikiona kipindupindu kule Kagunga 2015, uhai wa mtu kwanza, bakteria wa shimo watarudi.

SWALI: Mimi nimepanga Ujiji, choo chetu ni cha shimo la kawaida na tunachota maji kisimani. Hayo ya jiki yananihusu?

JIBU: Yanakuhusu kaka, hata shimo la kawaida lina bakteria wanaopunguza uchafu. Osha sakafu kwa sabuni, harufu na nzi mwagia majivu makavu shimoni. Ila mimi nimeshtuka na hicho kisima. Kutoka shimo mpaka kisima inatakiwa isipungue mita 30, na kisima kisiwe upande wa chini wa mteremko. Pima kwa hatua ndefu za mtu mzima halafu niandikie ni ngapi, na kwa sasa maji ya kunywa chemsheni yote.