Barua za Santuri: Mwimbaji Umeshamsikia, Msikilize na wa Besi

Shikamoo mzee. Nina miaka 24, nafunga madirisha ya aluminiamu hapa Mbagala, na nyimbo zangu ni singeli na bongo fleva. Bosi wangu anasema asiyeijua *Kind of Blue*, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, hajaujua muziki. Nimeijaribu mara tatu na mara zote tatu nimesinzia. Shida iko kwangu au kwenye muziki?
*Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Bila shaka ulikuwa unamsubiri mwimbaji, na humo mwimbaji hamna. Nyimbo tano, neno hata moja hulipati.

Mimi nimepiga besi kwenye bendi za dansi miaka kumi na tisa, kwa hiyo nitakupitisha mlango wa nyuma, ule tuliokuwa tunaingilia sisi wapigaji. Weka wimbo wa kwanza, *So What*. Mwanzo utasikia piano na besi zinanong'onezana tu, kama watu waliowahi kufika ukumbini. Vumilia. Mara Paul Chambers anauliza swali kwa besi, kifungu kifupi tu, na piano ya Bill Evans inamwitikia kwa milio miwili. Anauliza tena, anaitikiwa tena. Kisha tarumbeta na saksafoni zinaupokea ule mwitikio. Hili si geni kwako. Kwenye ngoma yoyote ya kwetu manju anaanzisha na watu wanapokea. Hapa manju ni besi, chombo ambacho ukumbini watu hawakijui mpaka siku kikizimika.

Halafu subiri dakika ya kwanza na nusu hivi. Miles anaanza kupiga tarumbeta peke yake, na papo hapo mpiga dramu Jimmy Cobb analipiga toazi pigo moja. Mlio unatanda, unakaa hewani, unafifia wenyewe, na chini yake besi tayari imeshaanza kutembea. Tumia hedifoni nzuri, usiku, simu yako usiitumie kwa kingine. Lile pigo moja nimelirudia mara nyingi kuliko nyimbo nzima za watu wengine.

Huo usingizi wako nao una sababu. Jazi ya Marekani ya miaka ile ilikuwa ya mbio, kodi za piano (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinabadilika mfululizo na mpigaji anazikimbiza. Miles akaamua kuzipunguza. *So What* imekaa kwenye ngazi mbili tu za sauti, ya pili imepanda nusu hatua kutoka ya kwanza, basi. Mpigaji anapewa uwanja na muda wa kufikiri. John Coltrane, kwa saksafoni, anautumia kubishana. Cannonball Adderley, naye wa saksafoni, akimpokea, anacheka. Kazi yote ilirekodiwa New York kwa siku mbili, 2 Machi na 22 Aprili 1959, na nyimbo zenyewe wapigaji waliletewa zikiwa michoro tu.

Nikupe na kisa. Mwaka 1983 niliinunua santuri hii, imeshatumika, jalada limepasuka pembeni. Kila nikijaribu kupiga nayo, besi yangu iko chini kidogo. Nikakaza nyuzi. Nikabadilisha mkanda wa mashine ya santuri, nikidhani inakimbia. Ajabu ni kwamba upande wa pili tulikuwa tunalingana vizuri kabisa. Ilipita miaka mingi ndipo nikapata jibu: siku ile ya Machi mashine ya kurekodia ilizunguka polepole kidogo, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipochapwa zikatoka zina kasi zaidi na sauti imepanda. Toleo lililorekebishwa lilitoka mwaka 1992. Miaka yote ile sikio langu lilikuwa sahihi, na sikuliamini. Kwa hiyo wewe nawe usikubali haraka kwamba shida iko kwako.

Mzee, habari za kazi. Nimesoma orodha nyingi za albamu bora za dunia, Mbaraka Mwinshehe simwoni. Kwani hakuwa na albamu? Na mwanafunzi wangu akitaka kumjua, aanzie wapi?
*Mwalimu wa sekondari, Morogoro*

Mwalimu, hapo umenigusa penyewe. Orodha zile zinahesabu albamu, na muziki wetu haukuzaliwa kwenye albamu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Zilipofika zamu za bendi za dansi, nyimbo zilirekodiwa studio za Radio Tanzania ili zirushwe hewani, na zilizobahatika kuwa santuri zilitoka kwenye zile ndogo za kasi ya 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mrefu ukakatwa vipande viwili. Unasikiliza maneno upande wa kwanza, unainuka kitini kugeuza ndipo ulipate chemko, ile sehemu ya kuchezea. Sasa mtu wa namna hiyo utampima kwa albamu gani?

Nyingi mnazoziona leo zina picha ya Mbaraka na zimeandikwa albamu, zimekusanywa baadaye. Zinunueni, lakini msizisikilize kama kitu kilichotungwa kwa pamoja. Chukueni wimbo mmoja mmoja. Mwanafunzi aanze na *Shida*, na umwambie asifuate maneno peke yake. Afuate gitaa la solo, linavyomalizia sentensi ambazo mwimbaji ameziacha njiani. Mwimbaji na mpiga solo ni mtu huyo huyo, na wanazungumza kama ndugu wawili.

Mwambie pia kwamba bendi ya mji wake, Morogoro Jazz, ilifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akatoka akaunda Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, hajafikisha hata miaka 35. (Kijana wa Mbagala, hilo neno Jazz kwenye jina lisikuchanganye. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, hata OK Jazz ya Franco, wote walipiga dansi. Jazz lilikuwa jina la bendi ya kisasa.)

Salamu mzee. Juzi kwa kinyozi tumebishana mpaka akafunga duka: *Graceland*, albamu ya Mmarekani Paul Simon aliyoipiga na wanamuziki wa Afrika Kusini, ni heshima kwa Afrika au ni wizi?
*Msomaji, Nairobi*

Simon alikwenda Johannesburg Februari 1985, wakati Umoja wa Mataifa umewataka wasanii wasikanyage Afrika Kusini ya ubaguzi. Wapigania uhuru walikasirika, na mimi nasema walikuwa na haki. Hilo sitalipunguza kwa sababu albamu ni tamu.

Lakini neno wizi linanikera kwa sababu linawafuta wapigaji. Lile gitaa ni la Ray Phiri. Zile sauti za kiume ni Ladysmith Black Mambazo. Na besi ni ya Bakithi Kumalo, besi isiyo na vyuma shingoni, ndiyo maana sauti inateleza kama mtu anayeongea. Kwenye *You Can Call Me Al* kuna mahali wote wananyamaza na yeye anaruka peke yake sekunde chache. Nusu ya pili ya kipande hicho ni ile ya kwanza, imegeuzwa kinyumenyume kwenye kanda. Mwaka 1987 Hugh Masekela na Miriam Makeba, wanamuziki wa Afrika Kusini, wote wawili wakiwa uhamishoni, walipanda jukwaani na Simon kwenye ziara ya albamu hiyo. Hawakuwa watu wa kudanganywa.

Mkirudi kwa kinyozi, isikilizeni tena mkiwafuata hao. Kisha, kwa kuwa mko Nairobi, wekeni *Sina Makosa* ya Les Wanyika mumfuate Tom Malanga kwenye besi tangu mwanzo hadi mwisho. Hapigi noti moja ya kujionyesha, na ukimwondoa wimbo unaanguka.

Shikamoo babu. Marehemu baba ameniachia sanduku la santuri, zimeota ukungu. Nizisafishe vipi?
*Binti, Tanga*

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Zitenge mafungu mawili. Zile nzito, zinazovunjika kama sahani, ni za kasi ya 78. Hizo usiziguse kwa spiriti kabisa, itazila. Zinazopinda kidogo ukizishika ni za plastiki. Chukua maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji na kitambaa laini, futa ukifuata mzunguko wa mifereji, usiikate. Suuza kwa maji safi. Lebo ya katikati isilowe. Zikaushe kivulini na uzihifadhi zikiwa zimesimama, usizilaze moja juu ya nyingine.

Ila kabla hujagusa maji, chukua daftari unakili kila lebo, maana ukungu unakula na karatasi. Usiishie kwenye jina la bendi lenye herufi kubwa. Nakili na zile herufi ndogo za kwenye mabano, hata zilizofutika nusu, uniletee hapa gazetini. Waliopiga na mimi wengi wameshatangulia, na baadhi yao majina yao yamebaki hapo tu.