Usiflash na usinunue ingine bado: jibu kwa Mwalimu mwenye simu ya 32GB inayosema nafasi imejaa

Mwalimu, habari ya jioni. Kwa wale hawajasoma swali lote, Mwalimu ako Njoro, simu yake ni ya 32GB, kila wiki inaandika nafasi imejaa, WhatsApp inakataa kushusha picha zenye wazazi wanamtumia, amefuta picha zake karibu zote na bado, halafu fundi mmoja amemwambia aflash, yaani simu ifutwe yote na iwekwe mfumo upya, kwa mia tano ama anunue mpya. Naona wengi hapo juu wanamwambia anunue. Mimi natengeneza simu hapa Nakuru taoni na hii kesi inaletwa mezani kwangu karibu kila siku, na inaniuma sana kuona mtu akienda kutoa pesa ya simu mpya, tena ya mkopo, wakati ile ako nayo haina shida yoyote.

Shida ni vile programu zimesetiwa kabla hazijakufikia. WhatsApp ukiiweka kwa simu inakuja tayari imejiamulia: ukiwa kwa bando picha zinashuka zenyewe, ukishika wifi inashusha kila kitu, picha, video, audio, hadi zile PDF za kurasa mia mbili. Voisi ndio hata hauwezi kuzizuia, zinashuka tu utake usitake. Sasa wewe ni mwalimu, uko grupu ya wazazi wa darasa lako, grupu ya staff, ya kanisa, ya chama, ya wale mlisoma nao chuo, na huu mtaala wa shule wa CBC kila mzazi anatuma picha nne za mradi wa mtoto wake, moja imeshikwa kinyume. Ukifika staffroom simu inashika wifi na kabla umalize chai imevuta video ambazo hautawahi fungua hata siku moja. Haukuulizwa.

Kuna mama alikuja kwangu kutoka Molo, anauza viazi, simu yake ilikuwa vile vile yako, imejaa hadi meseji ya M-Pesa ilikuwa inachelewa kufunguka. Mimi huwa sichukui simu ya mtu nikaanza kufuta, namwambia mwenyewe afungue nikiona. Tukaingia WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage. Hapo inachora mstari juu kuonyesha WhatsApp imekula ngapi, chini inakuwekea vitu vikubwa kuliko 5MB na vile vimeforwadiwa mara nyingi, halafu chini zaidi inakupangia grupu na watu kutoka mzito hadi mwepesi. Namba moja kwake ilikuwa grupu ya harusi ya mtoto wa dada yake. Harusi iliisha kitambo, michango ilishahesabiwa, hakuna mtu anaandika huko tena, lakini video za kila meza na kila aliyecheza zilikuwa hapo zote. Namba mbili grupu ya kanisa. Akaniuliza, "Kwani hizi zimekuwa hapa wakati wote huu?" Halafu akanyamaza, akaniambia wiki iliyopita alifuta picha za mamake marehemu ndio apate nafasi.

Mnielewe kwa nini naandika nikiwa na hasira kidogo. Mtu anafuta picha za mamake kupisha video za watu hajui.

Bahati nzuri tulizipata nyingi. Galari za simu nyingi siku hizi ukifuta picha haiendi mara moja, inakaa kwa kopo la taka, kawaida siku 30, ndio inapotea kabisa. Na hii Mwalimu inajibu ile sehemu ya swali lako ya "nimefuta na bado imejaa". Umefuta ndio, lakini zimehamia kwa taka na bado ziko ndani ya simu zikikula nafasi ile ile. Kwa hivyo kabla ufanye kitu kingine ingia kwa hiyo taka, urudishe za familia zile bado ziko, halafu ndio umwage zile zingine.

Kitu kingine watu hawajui ni folda inaitwa Sent. Ukishika video kwa kamera halafu uitume WhatsApp, ile ya kamera inabaki na WhatsApp inajiwekea kopi yake ile imetuma. Hiyo kopi haionekani kwa galari, imefichwa, kwa hivyo unaweza futa video kwa galari mara ngapi na kopi iko tu. Mwalimu mwenye anatuma video za watoto wakiimba siku ya wazazi ako na hiyo folda kubwa, nakuhakikishia. Ingia na Files, ile ya Google, ama file manager yenye ilikuja na simu, fungua Android, media, com.whatsapp, ufuate hadi WhatsApp Video, ndani utapata Sent. Ukishaona kwamba zile za maana ziko mahali pengine, futa zilizobaki bila wasiwasi.

Ukimaliza kusafisha, funga mlango. Pale pale Storage and data kuna sehemu ya media auto-download, toa tiki zote za mobile data, na kwa wifi pia toa video na documents, mimi huwa natoa zote. Kuanzia hapo picha itakuja ikiwa na ukungu, ukiitaka unaigusa inashuka, usipoitaka inakaa huko. Watu wanadhani watakosa kitu. Hawakosi, na bando yenye ulikuwa unanunua *544# asubuhi ikiisha saa saba sasa inafika jioni.

Sasa hapa kuna mtego, nisikilizeni vizuri. Kwa setingi za simu ukifungua programu yoyote utaona vitu viwili vimekaa pamoja, clear cache na clear data, zingine zinaandika clear storage. Ya kwanza haina madhara, ni vitu vya muda programu imejiwekea ndio ifunguke haraka, TikTok na Facebook ndio huwa nazo nyingi, futa tu. Ya pili ni kufuta kila kitu, na kwa WhatsApp hiyo inaondoka na chati zote zenye haziko kwa bakapu, yaani ile kopi ya akiba. Nimeletewa simu za watu wakilia juu jirani aliwaambia "bonyeza hapo nafasi itarudi". Nafasi ilirudi kweli.

Na hiyo bakapu yenyewe imebadilika na watu wengi hawajui. Zamani bakapu ya WhatsApp kwa Android ilikuwa inaenda Google Drive bure, haihesabiwi, hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu 2018. Mwisho wa 2023 wakatangaza itaanza kuhesabiwa, na 2024 ikaanza, sasa inaingia ndani ya ile 15GB ya bure ya akaunti yako. Hiyo 15GB ndio hiyo hiyo ya Gmail, ndio hiyo ya Google Photos, yenye pia ilikuwa inapokea picha bila kikomo hadi Juni 2021 wakafunga. Kwa hivyo kama umewasha bakapu ya WhatsApp pamoja na video, zile video za harusi za kina mama wa Molo zinajaza simu kisha zinajaza akaunti, na akaunti ikijaa Gmail inaacha kupokea barua. Kijana anangoja kuitwa interview, barua inarudishwa kwa aliyetuma, yeye anadhani hakuchaguliwa. Ingia Chats, Chat backup, uondoe tiki ya video. Chati zitabaki salama, maandishi hayana uzito wowote.

Kuna mwingine hapo juu amesema Mwalimu adaunlodi cleaner, zile programu za kusema zinasafisha simu. Tafadhali usiweke. Hizo za "boost" na "RAM cleaner" zinaua programu zilizokuwa zimelala, Android inaziamsha tena, betri inaenda, na kila ukifungua unaonyeshwa tangazo la video, yaani bando yako ndio inalipa. Simu zilizojaa zaidi mezani kwangu huwa ziko na cleaner mbili ama tatu juu ya nyingine. Ile Files ya Google inatosha, haina matangazo na inakuonyesha faili kubwa na zinazofanana.

Memori kadi nayo, wengi wanauliza. Kadi itakusaidia kwa picha za kamera na nyimbo na vitabu vya PDF, lakini WhatsApp haihifadhi vitu vyake kwa kadi, inang'ang'ania ndani ya simu, kwa hivyo ukinunua kadi ukidhani itamaliza hii shida utashangaa. Na mkinunua muwe macho na zile za kando ya barabara zimeandikwa 512GB kwa bei ya sahani ya pilau. Ndani ni ndogo sana, imedanganywa ijisome kubwa, ikifika mwisho wa ukweli wake inaanza kuandika juu ya picha zako za kwanza. Hizo picha mimi siwezi kukurudishia, na hakuna fundi anaweza.

Pia angalia kama simu yako imewashwa ile RAM ya kuongeza (RAM ni ile memori simu inafanyia kazi, sio ya kuweka picha). Siku hizi boksi linaandikwa RAM kubwa kwa herufi za kupendeza, ukisoma maandishi madogo unapata nusu ni ya ukweli na nusu imekopwa kutoka kwa storeji. Kwa simu ya 128GB haina neno. Kwa ya 32GB, yenye mfumo wenyewe ushachukua sehemu kubwa kabla hata uweke laini, hiyo ni kunyang'anywa. Tafuta RAM kwa setingi, uizime, urestati simu, utaona nafasi imerudi.

Kuhusu kuflash. Kuflash kutasafisha, ndio, na baada ya hapo utaingiza WhatsApp ile ile ikiwa na setingi zile zile na baada ya muda utarudi kwa fundi na mia tano ingine. Kisha kuna hili: kutoka Android 5.1 simu ikifutwa kupitia njia ya nje, kwa vile vibonyezo vya pembeni, ikiwaka inakuuliza akaunti ya Google iliyokuwa ndani. Walimu wangu wengi akaunti walifunguliwa na mtu wa cyber ama na aliyewauzia simu, nenosiri hawajui, hata jina la email hawalijui. Hapo simu inakuwa tofali hadi ipatikane njia. Kabla umpe mtu simu aflash, hakikisha unajua email yako na nenosiri lake na bakapu imefanyika.

Mimi siwachukii wanaotengeneza hizi programu, zimetusaidia, mama wa Molo anauza viazi hadi Mombasa kwa hiyo WhatsApp. Lakini wamezitengeneza wakifikiria mtu mwenye wifi nyumbani na simu ya 256GB. Mnakumbuka YouTube Go? Ilikuwa inakuuliza kabla video ianze, unataka ya ubora gani, na inakuonyesha itakula MB ngapi. Swali moja tu, mtu akiwa na MB 50 anaamua mwenyewe. Waliizima Agosti 2022, wakasema ile kubwa sasa inafanya vizuri hata kwa simu ndogo. Inafunguka vizuri, sikatai. Lakini haiulizi tena, na kile kilichokuwa kinamsaidia mtu wa Njoro ni lile swali. Ningependa kila programu ikifunguliwa mara ya kwanza iulize: nishushe mwenyewe ama nikungoje? Sio kitu kigumu, mlango upo tayari, umefichwa tu ndani ya setingi ambako mama yangu hawezi fika bila mimi.

Na hizi simu za kulipa pole pole ndio zinanivunja moyo kabisa, juu zinakuja na programu za ziada zenye hauwezi kutoa hadi umalize deni, zingine unaweza tu kuzima. Kama yako ni hiyo, bonyeza disable kwa zile zinakubali na uondoe updates zake, kitu kidogo kitarudi.

Mwalimu, anza na ile taka ya galari, urudishe za familia kwanza, halafu Manage storage, halafu Sent, halafu uzime auto-download. Fanya ukiwa na chaji ya kutosha na usiwe na haraka, simu iliyojaa kabisa inafuta polepole mwanzoni, hiyo ni kawaida kwa sababu hata kufuta kunahitaji kanafasi kidogo ka kufanyia kazi. Ikikwama, ondoa kwanza programu moja kubwa hautumii, itapumua. Ukimaliza rudi hapa uandike WhatsApp inaonyesha GB ngapi na kwa storeji ya simu kile kipande cha System kinasema ngapi, pia Android yako ni namba ngapi. Kama System imeshika zaidi ya nusu basi ni mambo mengine na nitakuelekeza hapa hapa, usitoe hata shilingi kabla tuone hizo namba.