Maswali na Majibu: MEWAKA ya kusaini, ruhusa ya masomo na matroni asiyeitwa semina

Maswali ya safari hii yametoka kwa walimu wa Dodoma na Singida, mzazi mmoja wa mjini, na matroni ambaye barua yake ilinifanya niahirishe mengine. Nimefupisha pale ilipobidi. Kwa asiyejua, MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini.

"Mbukwa mwalimu. Shuleni kwetu MEWAKA ni Alhamisi saa nane mchana. Mratibu anasoma moduli kwenye kishikwambi, sisi tunasinzia, tunasaini, tunaondoka. Chai hakuna, posho hakuna. Hivi ni lazima?" (Mwalimu wa Darasa la III, Chamwino)

Mbukwa. Ni lazima, kwa maana kwamba ni sehemu ya kazi. Mwongozo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini ulitoka mwaka 2020, na Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inayoratibu. Wazo lake ni kwamba walimu wajifunze wao kwa wao shuleni, kwenye jumuiya za kujifunza, kisha wakutane na wenzao wa shule jirani kwenye klasta. Zamani tulizoea kinyume chake. Walimu wawili wanaitwa mjini, wanalala gesti wiki nzima, wanarudi na begi jipya, halafu wanatakiwa "kutoa mrejesho". Mrejesho wenyewe unapewa dakika kumi mwisho wa kikao, kwenye mengineyo, watu wameshashika funguo za pikipiki.

Sasa, kusoma moduli kwa sauti mbele ya watu wazima wenye vyeti ni semina ileile, ila imehamia shuleni na haina posho. Usingizi wenu mimi siushangai. Mwambie mratibu moduli isomwe nyumbani, na Alhamisi kila mwalimu wa Hisabati aje na madaftari matatu ya wanafunzi wake.

Mtaona kitu kama hiki: 52 − 27 = 35. Wengi tunapiga mkasi mwekundu na kusonga mbele. Subirini kidogo. Mtoto huyu hakubahatisha. Kwenye mamoja amekuta 2 na 7, akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kwenye makumi ametoa 2 kwenye 5, akapata 3. Ana kanuni yake, kwamba kila safu unatoa ndogo kwenye kubwa, na huenda aliipata kwetu sisi tuliomwambia Darasa la I kuwa "namba kubwa haitoki kwenye ndogo". Ametii.

Leteni vijiti. Mabua ya mtama yanatosha, na hapo Chamwino hamtayakosa. Fungeni mafungu matano ya kumikumi, na vijiti viwili pembeni. Mwalimu mmoja awe mwanafunzi, atakiwe kutoa 27. Atahangaika na vile viwili mpaka alazimike kufungua fungu moja. Hapo sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa mafungu mawili, yanabaki mawili. Jibu ni 25, na limeonekana mezani kabla halijaandikwa. Kisha kubalianeni swali moja tu ambalo wote mtawauliza watoto kesho darasani, na Alhamisi inayofuata mrudi na madaftari ya watoto walewale. Kama kuna mwenzenu anayejua Chigogo, amsikilize mtoto akieleza alivyokokotoa kwa lugha ya nyumbani. Mara nyingi shida haiko kwenye hesabu.

Kikao cha namna hii hakizidi dakika arobaini, na hakuna anayesinzia mbele ya daftari la mwanafunzi wake mwenyewe. Chai mmalizane na mwalimu mkuu. Karanga Dodoma hazijawahi kuadimika.

"Shikamoo mwalimu. Nina stashahada, nimeajiriwa shule ya msingi, bado sijamaliza mwaka kazini. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya Rasilimali Watu. Mwalimu mkuu anasema nisubiri, rafiki zangu wanasema niende tu nitarekebisha mbele. Nifanyeje?" (Kondoa)

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki zako hawatakuwepo siku unapoitwa kujieleza. Mtumishi mpya ana miezi 12 ya majaribio, na kabla ya kuthibitishwa kazini maombi ya ruhusa ya masomo hayana pa kusimama. Ukiondoka bila ruhusa huo ni utoro, na utoro wa zaidi ya siku 5 unaweza kukufukuzisha kazi. Faili lako litakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, na pale hakuna atakayeuliza ulipata alama ngapi chuoni.

Ukishathibitishwa, andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ipitie kwa mwalimu mkuu na ngazi zinazofuata, na iandike mapema ili uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Barua inayofika mwezi ambao chuo kinafungua huwa inajibiwa likizo ya Krismasi. Weka nakala ya kila kitu, na usiondoke kwa ahadi ya mdomo, hata iwe ya bosi.

Sasa kozi. Nakuuliza kwa upole: unataka kuendelea kuwa mwalimu au unatafuta mlango wa kutokea? Vyote viwili si dhambi, lakini uamue kabla ya kulipa ada. Kwenye ngazi za mishahara ya walimu, mwalimu wa stashahada yuko TGTS C na wa shahada anaanzia TGTS D. Ila ili ubadilishiwe muundo kama mwalimu, yaani upangwe kwenye ngazi ya elimu yako mpya, shahada yenyewe lazima iwe ya ualimu. Nimekutana na walimu wengi waliosoma Rasilimali Watu wakitegemea kuhamishiwa ofisi ya halmashauri, na bado wanashika chaki kwa mshahara uleule wa stashahada, huku mkopo wa benki unakatwa. Hata ukisoma kozi sahihi, kubadilishiwa muundo kunategemea ikama (nafasi za kazi zilizoidhinishwa) na bajeti, kwa hiyo usikopee nyongeza ambayo haijaingia.

Kama huwezi kuacha mshahara na familia, Chuo Kikuu Huria kina kituo Dodoma mjini, na huko unasoma huku unafundisha. Ni kazi ngumu, usidanganyike. Taa yako itazimika saa sita usiku. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ni karibu zaidi na hadhi ya "nimekaa chuo", lakini inadai uwepo wako. Chuo kingine chochote, hakikisha kwanza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inakitambua.

"Shule yangu ina walimu sita na madarasa saba pamoja na awali kwenye chumba cha pembeni. Klasta iko kilomita 14. Nikiwatoa walimu wawili kwenda klasta, nani anabaki na watoto?" (Mwalimu mkuu, Manyoni)

Mwalimu mkuu, usiwatoe wawili. Mtoe mmoja tu, awe yule yule kwa somo moja kwa muhula mzima, ili asikutane na mada ya tatu bila kuijua ya kwanza. Na muombe Afisa Elimu Kata mzungushe kituo: mwezi huu kwao, mwezi ujao kwenu. Klasta haijaandikwa kuwa ni lazima ikae kwenye shule ya barabarani yenye ofisi nzuri. Msimu wa mvua, barabara ikikatika, kutaneni ninyi sita wenyewe. Walimu sita mezani ni jumuiya tosha.

Upungufu wa walimu wenyewe hautamalizwa na mafunzo yoyote, na ukiona mgeni anakuja kuwaambia hivyo, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

"Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, mkataba wa shule. Miaka yote mafunzo ni ya walimu. Mwezi uliopita binti alianguka kifafa usiku, wenzake wakamwingiza kijiko mdomoni, jino likavunjika. Mkuu wa shule ananiuliza mimi. Nani alinifundisha?" (Mpwapwa)

Pole sana, mama. Una haki ya kuuliza, na nitaijibu hii kwa urefu kuliko wengine watakavyopenda, kwa sababu kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri shule ya bweni iko mikononi mwako na mwa mlinzi. Mwalimu mwenye shahada amelala kwake.

Kwanza hilo la kifafa, uwafundishe wasichana wako leo kabla ya kulala. Usiingize kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kitambaa, si kidole. Hawezi kumeza ulimi wake. Usimshike kwa nguvu kumzuia asitikisike. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, angalia saa. Mtikisiko ukiisha, mlaze kwa ubavu mate yatoke, kaa naye mpaka azinduke vizuri. Ukizidi dakika 5, au ukimrudia kabla hajazinduka, ni hospitali, bila kusubiri asubuhi. Povu lake haliambukizi, na wasichana waambiwe hivyo waziwazi, maana baada ya usiku ule mwenzao asije akahamishiwa kitanda cha peke yake kwa hofu.

Pili, mafunzo yako yapo, ila hayaitwi MEWAKA, ndiyo maana barua haikufikii. Mkuu wa shule anaweza kuandika kwa Msalaba Mwekundu kuomba mafunzo ya huduma ya kwanza. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hufundisha shule namna ya kutoka bwenini. Waje usiku, wajaribu na nyinyi, waone kama dirisha lina nondo na mlango unafungwa kwa kufuli la nje. Namba yao ni 114. Na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aje azungumze na wewe, mlinzi na wapishi kuhusu ulinzi wa mtoto, maana msichana mwenye jambo zito huanza kumwambia matroni, au mpishi anayempa ukoko, kabla ya mwalimu wa malezi. Namba 116 ya kutoa taarifa za watoto ibandikwe bwenini, si ofisini kwa mkuu.

Mwonyeshe mkuu wako majibu haya. Akisema hakuna bajeti, muulize jino limegharimu kiasi gani.

"Kishikwambi nilichopewa baada ya Sensa ya 2022 kimepasuka kioo. Moduli ziko mtandaoni. Nifanyeje?" (Bahi)

Toa taarifa kwa maandishi, ni mali ya serikali. Kwa sasa mwenzako mmoja apakue moduli akiwa penye mtandao, awagawie wote kwa simu. Ikishapakuliwa haihitaji bando kusomwa.

"Mtoto wangu yuko Darasa la IV hapa jijini. Kila Alhamisi wanarudi saa sita, eti walimu wana MEWAKA. Na upimaji wa kitaifa unakuja." (Mzazi, Dodoma Jiji)

Hapo una hoja. Mafunzo ya shuleni hayakuwekwa ili yale vipindi vya watoto. Lipeleke kwenye kamati ya shule, mkiwa wazazi kadhaa, na muombe ratiba ibandikwe ubaoni. Msiombe yafutwe, ombeni yaanze watoto wakishamaliza.

"Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 naambiwa niusomee upya. Kwa faida ya nani?" (Kongwa)

Kwa faida ya Darasa la I unalolifundisha, mwalimu wangu. Lakini nadhani wamekukalisha upande usio wako. Muombe mratibu akupe kuwezesha kikao kimoja: jinsi unavyofundisha kusoma darasa la watoto zaidi ya mia bila kupaza sauti. Vijana wa mkataba hapo shuleni wanalitafuta hilo kwenye moduli na hawalioni. Waambie wakuletee soda, na ikibidi wakurekodi.